Agape ya kanisa na maombi ya faraghani: je, meza inakula nafasi ya chumba cha ndani?

Mama wa Bagira (Bukavu) anauliza:

Ninawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu.

Katika kanisa letu, kila siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi, tunakula pamoja baada ya ibada, chakula ambacho wengi hapa tunakiita agape. Kila nyumba inatoa mchango, nasi akina mama tunapika bugali, sombe, maharagi, na sambaza pale bei ya ziwani inaporuhusu. Jambo lenyewe ni jema na sikuja hapa kulilaumu. Lakini kazi inaanza Jumamosi alfajiri kwa kuchota maji na kutwanga sombe, inaendelea hadi usiku, na kesho yake, Neno linapohubiriwa, baadhi yetu tuko nyuma ya kanisa tukichochea makala ya kupikia. Chakula kikiiva, wachungaji na wazee wa kanisa wanaketi kwanza, wanafuata akina baba, wageni na wanakwaya. Sisi tunakula mwisho, tena tukiwa tumesimama. Nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kufungua Biblia.

Tulifundishwa tangu utoto kwamba uhusiano wa mtu na Mungu wake hujengwa sirini, katika chumba cha ndani, mlango ukiwa umefungwa, kama Bwana anavyosema katika Mathayo 6:6. Nyumba yetu ina vyumba viwili na tunalala wengi. Kwangu mimi chumba cha ndani ni ile saa moja kabla watoto hawajaamka, na ndiyo hiyo inayoliwa na maandalizi. Naomba mnieleze: kula pamoja na waumini ni ushirika na Mungu kweli, au ni ushirika wa wanadamu tu ambao tumeupa jina la Mungu?

Tena kuna mjane, jirani yangu, ambaye siku hizi haji kwenye agape kwa sababu hana mchango, na hataki kuonekana akila asichochangia. Anabaki nyumbani akisali peke yake, anasema Mungu anamtosha. Sijui nimwambie nini, kwa maana nikimtazama naona ana amani kuliko sisi tunaopika.

Mwalimu wa Neno, Ibanda (Bukavu) anajibu:

Mama, swali lako ni zito, na ninaomba uniruhusu nianze mbali kidogo, kwenye mlima wa Sinai, kwa sababu hapo mambo haya mawili yanaonekana yakiwa bega kwa bega. Katika Kutoka 24, baada ya damu ya agano kunyunyizwa, Musa anapanda pamoja na Haruni, Nadabu, Abihu na wazee 70 wa Israeli, na Maandiko yanasema kwamba walimwona Mungu, wakala na kunywa. Mbele ya utukufu ambao mtu angetazamia afe kwa hofu, wazee wale wanakula, na Mungu hakunyosha mkono wake juu yao. Kisha, katika sura hiyohiyo, Musa anaitwa peke yake aingie katika wingu, anakaa humo siku 40 mchana na usiku, na Kumbukumbu la Torati 9:9 inaongeza kwamba muda huo wote hakula mkate wala hakunywa maji. Mungu aliyewalisha wazee pamoja ndiye aliyemwita Musa faraghani, na hakuna mahali ambapo tunaambiwa kwamba ushirika mmoja ulikuwa wa kweli na mwingine wa mfano tu.

Torati inaendelea hivyo. Nyama ya sadaka ya amani iliyotolewa kwa shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile, bila kubakizwa hata asubuhi (Mambo ya Walawi 7:15). Fikiri maana yake: nyumba moja haiwezi kumaliza ng'ombe kwa siku moja, kwa hiyo mtu aliyetaka kumshukuru Mungu kwa jambo lake binafsi, labda kupona ugonjwa au kurudi salama kutoka safarini, alilazimika kuwaita wengine waje wale naye. Na Kumbukumbu la Torati 16 inawataja kwa wazi wanaopaswa kufurahi katika sikukuu mbele za Bwana: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane yumo katika orodha bila kudaiwa chochote.

Lakini andiko linalonigusa kuliko yote ni Yohana 21. Bwana aliyefufuka anasimama ufuoni alfajiri, ameandaa moto wa makaa, samaki na mkate, anawaambia wanafunzi waliokesha bila kupata kitu, "Njoni mfungue kinywa." Sisi tunaoishi kando ya ziwa la Kivu, tunaowaona wavuvi wa sambaza wakirudi asubuhi wakiwa wamechoka na kulowana, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Petro alikuwa amemkana Bwana akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, na hapa tena kuna moto wa makaa. Hata hivyo Yesu hamwulizi neno lolote kabla ya kumlisha. Ni walipokwisha kula ndipo alipomwuliza, "Wanipenda?" Mazungumzo ya ndani kabisa kati ya Petro na Bwana wake, yale ambayo mtu angeyatarajia chumbani, yalitoka mezani, wenzake wakiwa karibu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kula pamoja kwaweza kuwa ushirika na Mungu kweli. Hata ahadi ya Ufunuo 3:20, ambayo wahubiri wetu hupenda kuitumia kwa habari ya moyo wa mtu mmoja mmoja, inasema, "nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami." Hilo lakini halihalalishi kila kinachofanyika nyuma ya kanisa lenu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kukutanika kwao si kwa faida bali kwa hasara, kwa sababu huyu alikuwa na njaa na yule amelewa, na wasio na kitu walitahayarishwa. Mjane wako ametahayarishwa.

Shemasi wa Himbi (Goma) anajibu:

Mama, ninakuhurumia, na ninamheshimu Mwalimu, lakini ninaona amelipita haraka jambo ulilolisema kwa uchungu, yaani kwamba umechoka na husali tena. Paulo anaandika katika Warumi 14:17 kwamba ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, bali ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu. Bwana mwenyewe, baada ya jioni nzima ya kuponya wagonjwa mlangoni, aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu akaomba (Marko 1:35), na watu walipomtafuta hakurudi kuwaridhisha. Kama yeye aliihitaji saa hiyo, sisi ni nani hata tuitoe kwa ajili ya sufuria?

Sisi hapa Goma tumeishi miaka mingi na wakimbizi wa ndani waliokuwa wamepiga mahema kuuzunguka mji, na nimejiuliza mara nyingi kama inafaa kanisa kukaa na sahani zilizojaa huku wenye njaa wakiwa karibu kiasi cha kusikia harufu. Ushauri wangu ni huu: punguzeni agape iwe chai na mkate, fedha zinazobaki ziende kwa wahitaji, na akina mama warudishiwe Jumamosi yao. Kufunga nako ni ushirika na Mungu, na Isaya 58 inatufundisha kwamba mfungo anaouchagua Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi) anajibu:

Baba Shemasi, ushauri wa chai na mkate ni mzuri na ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila Warumi 14 haipingi meza ya pamoja. Paulo alikuwa akizungumza na waumini waliohukumiana kwa sababu ya vyakula, huyu akila vyote na yule mboga tu, na alitaka waendelee kupokeana. Ni Paulo huyohuyo aliyempinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, kwa sababu Petro, kwa kuwaogopa waliotoka Yerusalemu, alijitenga na meza ya Wamataifa, yaani waumini wasio Wayahudi (Wagalatia 2). Tendo la kuondoka mezani alilihesabu kuwa ni kutokwenda sawasawa na kweli ya Injili.

Kuhusu Isaya, someni mstari wa 7 hadi mwisho: Bwana anasema umgawie mwenye njaa chakula chako, na maskini waliotupwa nje uwalete nyumbani kwako. Kumpelekea fedha peke yake hakutoshi.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo hasa. Mama wa Bagira ameeleza kwamba wanawake wanachochea makala Neno likihubiriwa, na mpaka sasa hakuna aliyesimama hapo. Watu wengi wakisikia habari hii hukimbilia Luka 10, pale Martha anapohangaika na utumishi huku dada yake ameketi akilisikiliza Neno, na kumwambia mwanamke aliyechoka kama Bwana alivyomwambia yeye, "Martha, Martha." Wanamlaumu kwa kazi ambayo wao wenyewe wamempa, kisha wanasubiri sahani. Mimi ninawaomba wasome Matendo 6. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume, ambao walitaka kudumu katika kuomba na katika huduma ya Neno, hawakuwapa akina mama mzigo ule. Walitaka wachaguliwe wanaume 7, wenye sifa njema, wenye kujawa na Roho na hekima, wahudumie mezani. Mmoja wao alikuwa Stefano, na katika sura inayofuata ndiye anayeziona mbingu zimefunguka na Yesu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Kugawa chakula hakukumzuia kumwona Bwana. Kinachomzuia mtu, kwa maoni yangu, ni kufanywa mtumishi wa meza ambayo yeye mwenyewe hakaribishwi kuketi.

Hapa Lubumbashi ninajua kusanyiko dogo ambalo vijana wa kiume na akina baba wanasonga bukari na kuosha vyombo kwa zamu, na siku ya agape hakuna anayekula kabla wapishi hawajakaa. Wala si mtindo mpya: Paulo anamalizia maonyo yake kwa Wakorintho kwa kusema, "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Agizo hilo halihitaji fedha hata faranga moja.

Mkatoliki wa Kadutu (Bukavu) anajibu:

Sitasema mengi. Kwetu tunatofautisha Ekaristi na chakula cha kawaida, na kabla ya Komunyo tunajinyima chakula kwa muda wa saa moja angalau. Baada ya kupokea, kuna kimya kanisani. Kila mtu yuko peke yake na Bwana katikati ya watu wote, na mimi sijawahi kusali vizuri mahali pengine kama katika dakika zile. Labda makanisa yanayofanya agape yangeweza kuweka kimya cha namna hiyo kabla ya kula, wapishi wakiwemo ndani, makala yakiachwa yazimike kama ni lazima. Pia katika mashirika yetu ya mitaani tunakutana kwa zamu nyumbani kwa kila jirani, naye mwenye nyumba hutoa alichonacho, hata kama ni maji ya kunywa.

Mama wa Bagira anaandika tena:

Nimesoma yote kwa machozi kidogo, na Mungu awabariki. Maneno ya Yaya wa Katuba nitayapeleka kwenye umoja wa akina mama kabla ya kuyapeleka kwa wazee, ili nisionekane kuwa ninasema peke yangu. Bado sijapata la kumwambia mjane. Nikimwambia tu, "Njoo, usilipe," najua atakataa, kwa sababu shida yake si fedha tu. Ni macho ya watu.

Mwalimu wa Neno, Ibanda anajibu:

Mama, Yaya amesema lililonipita, na ninamshukuru.

Kwa habari ya mjane, usianze kwa kumwita. Mwanzoni mwa karne ya 2, mnamo mwaka 112 hivi, liwali wa Bithynia, jimbo la Warumi, aitwaye Plinius alimwandikia Kaisari Trajanus kuhusu Wakristo aliowahoji. Walimweleza kwamba siku maalumu walikutana kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo, wakatawanyika, kisha wakakutana tena kula pamoja chakula cha kawaida kisicho na madhara. Na kukutana huko kwa ajili ya chakula walikuwa wamekuacha baada ya liwali kupiga marufuku. Mjane wako anaishi kama waumini wale baada ya marufuku: maombi ya alfajiri anayo, meza ameondolewa. Amani uliyoiona kwake ni ya kweli, usimnyang'anye kwa kumwambia kwamba amekosea kusali peke yake.

Kumbuka Eliya katika 1 Wafalme 17. Mungu alimtuma Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, wala hakumtuma kwenda kumlisha. Alimtuma akale kwake. Mjane yule akawa mwenyeji wa nabii. Basi mwombe jirani yako akukaribishe kwake siku moja ya juma, katika ile saa yako ya kabla ya watoto kuamka kama inawezekana, msali pamoja, kisha mnywe chai yake, na kama hana sukari mnywe bila sukari. Usibebe sufuria. Wakija wawili au watatu zaidi kutoka umoja wenu, sawa, mradi yeye abaki kuwa mwenye nyumba. Akizoea kuwa mwenyeji, kuja kwenye agape hakutamwelemea kama sasa.

Na mchango uondolewe katika orodha inayosomwa kwa majina. Pawepo kisanduku kimoja mlangoni, anayeweza atie, asiyeweza apite bila kuulizwa. Hilo wazee wanaweza kuliamua katika kikao kimoja, na kama mtapenda, nitakuja kusema nao pamoja na ninyi kabla ya mwezi ujao.