Msaada: faili refu la zeze linakatika ndani ya Pure Data na sauti inapanda

mpenda_zeze (Chamwino)
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa anayeijua Pure Data (Pd), ile programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku. Nina rekodi ya mzee mmoja wa huku kwetu anapiga zeze, kama dakika 12, WAV ya stereo, imetoka kwenye rekoda ya mkononi iliyosetiwa 44100 (sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde). Nataka zeze lisikike kwenye spika huku kina mama wa muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo) wakipiga ngoma na kuimba laivu, halafu vyote virekodiwe pamoja. Pachi (mchoro wa visanduku) nimetengeneza kwa [soundfiler] na [tabplay~], lakini faili linaishia dakika moja na ushee tu, na -resize ya kupanua nafasi nimeweka! Pili, zeze limepanda sauti na linakimbia, mama mmoja alivyosikia tu akasema huyu siyo babu, huyu kakaza nyuzi. Na kurekodi huo mchanganyiko ndo sijui naanzia wapi. Kompyuta ni Windows, memori GB 4. Natanguliza shukrani.

fundi_nkuhungu
Kaka shida zako ni mbili tofauti usizichanganye.

Ya kukatika: [soundfiler] inabeba faili lote na kulimwaga kwenye memori, na matoleo ya zamani ya Pd yana kikomo cha sampuli 4,000,000 hata ukiandika -resize, mpaka uongeze -maxsize na namba yako. Piga hesabu, sampuli milioni 4 ukizigawa kwa 48000 kwa sekunde unapata sekunde 83, ndo hiyo dakika moja na ushee yako. Ila mimi nisingehangaika na -maxsize, [soundfiler] iachie vipande vifupi, mfano mlio mmoja wa ngoma unaotaka kuurudiarudia. Kitu cha dakika 12 weka [readsf~ 2], yenyewe inasoma kutoka diski kidogokidogo, GB 4 zako hazitasikia kitu. Unatuma meseji open zeze.wav, unasubiri kama sekunde moja hivi ijaze bafa, ndo unatuma 1 ianze, na 0 kusimamisha. Hiyo open na 1 usizipeleke kwa mkupuo. Faili likae folda moja na pachi, na pachi uwe umeshaisevu, la sivyo Pd haijui pa kutafuta. Likiisha, tundu la mwisho kulia linatoa bang, yaani ishara, unaweza kuitumia kuwasha kitu kingine.

Ya kupanda sauti: faili ni 44100, Pd yako nina uhakika iko 48000. Si [tabplay~] wala [readsf~] inayorekebisha hilo, zinatoa sampuli moja baada ya nyingine kwa kasi ya Pd, kwa hiyo zeze linakwenda haraka kwa karibu asilimia 9, dakika 12 zinaisha kwenye 11, na sauti inapanda karibu nusu toni moja na nusu. Huyo mama ana sikio aisee. Ingia Media kisha Audio Settings weka 44100. Kadi ya sauti ikigoma, fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), libadilishe liwe 48000, hapo litatulia.

Na hili siyo dogo kwa muziki wetu, zeze la Kigogo halijapangwa kama kinanda, waimbaji wanaifuata sauti yake ilipo. Ukilipandisha hivyo kina mama wanakosa pa kuingilia, au wanaingia na kulazimisha koo.

dada_wa_maiki
Naongezea kwenye kurekodi. Tumia [writesf~ 4], chaneli 1 na 2 peleka zeze kutoka [readsf~], 3 na 4 maiki kutoka [adc~], kisanduku cha sauti inayoingia. Tafadhali usichanganye vyote kwenye chaneli mbili siku hiyohiyo, maana ngoma zikimeza zeze huna namna ya kulitoa tena. Meseji ni open -bytes 3 muheme1.wav, halafu start, mkimaliza stop. Hiyo -bytes 3 ni biti 24, usipoandika inakupa 16. Andaa nafasi ya kutosha, chaneli 4 za namna hiyo kwa 44100 zinakula karibu MB 32 kwa dakika.

Mambo ya kuangalia sana: kila mzunguko badilisha jina la faili, ukirudia jina Pd inafuta la zamani bila kukuuliza. Bonyeza stop kabla ya kufunga pachi, urefu wa faili unaandikwa sawasawa pale linapofungwa, umeme ukikatika katikati unabaki na WAV ambayo pleya nyingi zinaona tupu (sauti yenyewe mara nyingi ipo, Audacity unaiingiza kama data ghafi unaipata). Na muheme una nguvu, kitu chochote kinachopita 1 (kiwango cha juu kabisa) kwenye [writesf~] kinakatwa kichwa, na kikishakatwa basi. Punguza kwenye mashine ya maiki kabisa, siyo kwa kugawa nusu na [*~ 0.5] ndani ya pachi wakati ngoma imeshapasuka huko nje.

Spika ielekee kwa kina mama, maiki ziipe mgongo, kama una hedifoni mpe anayeongoza wimbo.

mpenda_zeze (Chamwino)
Aisee asanteni sana! Nimeweka 44100 na [readsf~ 2], zeze limerudi palepale, nimempigia mzee mwenyewe kasikiliza mpaka mwisho akasema ndo lenyewe. Sasa kuna faili lingine linaitwa zeze la babu.wav, nikiandika open zeze la babu.wav halifunguki. Na kijana mmoja ana klipu zake za WhatsApp, zitakubali?

fundi_nkuhungu
Nafasi kwenye jina ndo zinaleta shida, meseji inaona maneno matatu. Weka [openpanel], iunganishe na meseji ya open $1 iende [readsf~], unachagua faili kwa mausi na jina linapita zima. Au libadilishe liwe zeze_la_babu.wav.

Za WhatsApp hazisomeki zilivyo, Pd ya kawaida inasoma WAV na AIFF, siyo mp3 wala hizo. Apitishe kwenye ffmpeg (programu ya kubadilisha aina ya faili) kwanza: ffmpeg -i klipu.opus -ar 44100 klipu.wav