Nyayo zinawaka moto usiku: ni sukari au ni metformini imemaliza vitamini?

Mama Mwaloni

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya wanaojua mambo ya hospitali.

Nina miaka 54, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, gunia na kopo. Kisukari kilinianza mtoto wangu wa mwisho akiwa chekechea, leo yuko kidato cha nne. Namezeshwa metformini, kidonge cha gramu moja asubuhi na kingine jioni. Sindano za insulini sijafika.

Shida ni miguu. Mchana nikiwa mezani kwangu ni ganzi tu, nazoea. Usiku ndiyo shughuli: nyayo zinawaka, shuka likigusa vidole nalitupa huko. Halafu kuna siku nilikuwa Igombe kukagua mzigo kabla haujafungwa, nikavua ndala niingie kwenye mchanga walikoanika. Saa saba mchana. Mwenzangu anarukaruka na kupiga kelele, mimi natembea taratibu kama niko sebuleni. Jioni binti yangu ndiye aliyeona lengelenge chini ya kidole gumba. Mimi sikuwa na habari.

Kliniki ninayohudhuria, jina naliacha, kila nikilalamika jibu ni moja: "Ni sukari hiyo mama, ishushe." Nimeshusha! Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimesoma asilimia 7.1. Sasa mtoto wa dada yangu anayesomea ufamasia ananiambia huenda ni metformini, eti inamaliza vitamini B12 mwilini na neva zinakufa. Nikamcheka. Mtu anayekula dagaa asubuhi, mchana na jioni atakosaje vitamini ya samaki?

Je, ni kweli? Niiache dawa? Au ninunue zile sindano nyekundu za B12 nidungwe tu? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Nyegezi

Mama usihangaike, hizo ni neva. Duka la dawa lolote waambie wakupe vidonge vya neva vile vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Mama mkwe wangu anameza viwili viwili kila siku na anacheza ngoma. Vitamini haina madhara, ikizidi unaikojoa.

Mzee Hadubini

Mama Mwaloni, pole sana. Mimi nimestaafu maabara, si daktari, kwa hiyo yanayohusu kubadilisha dozi mpelekee daktari wako. La kwanza kabisa: metformini USIIACHE kwa ajili ya maneno ya jukwaani, yangu yakiwemo. Sukari ikipanda miguu hiyo hiyo itaumia zaidi.

Huyo mwanao wa ufamasia yuko sahihi, na wala usimcheke. Uholanzi walichukua wagonjwa 390 wa kisukari aina ya pili waliokuwa wanatumia insulini, wakawagawa kwa kura: hawa metformini miligramu 850 mara tatu kwa siku, wale kidonge kinachofanana nacho ambacho hakina dawa ndani. Wakawafuatilia zaidi ya miaka minne. Majibu yalitoka 2010: waliomeza metformini B12 yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 19 ukiwapima na wenzao, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo pengo lilivyokuwa kubwa. Wote walipungukiwa? Hapana. Walioangukia kwenye upungufu wa kweli kwa sababu ya dawa ni kama 7 katika kila 100. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikaliweka hili kwenye athari za kawaida za metformini, kwamba linaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, na kwamba mwenye dalili apimwe.

Sasa dagaa, na hapa swali lako limenifurahisha kweli. B12 imo kwenye dagaa, sato, sangara, maini, mayai na maziwa. Mchicha na maharage havina. Kwenye kula hujakosea. Ila kula ni kazi moja na kufyonza ni kazi nyingine. Tumboni asidi inaibandua B12 kutoka kwenye samaki, kisha inadakwa na protini inayotengenezwa na ukuta wa tumbo lenyewe, na hao wawili wanasafiri pamoja mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba. Huko kuna milango inayoipokea, na milango ile haifanyi kazi bila kalsiamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba metformini inaingilia kazi ya kalsiamu pale mlangoni. Mzigo umefika, wa kuupokea hayupo. Na kwa kuwa ini hutunza akiba ya miaka kadhaa, miaka ya mwanzo huoni lolote. Ndiyo maana unakuta mtu amemeza dawa mpaka mtoto wa chekechea amefika kidato cha nne ndipo miguu inaanza.

Nikiwa kazini nilikuwa nikiona kwenye hadubini slaidi za damu iliyokosa B12 mara chache, na kila mara nilikuwa naita wanafunzi waje waangalie. Chembe nyekundu zimevimba kupita kawaida, nyingine za duara refu, na zile nyeupe ambazo kiini chake kwa kawaida kina vipande vitatu au vinne unakuta kimekatika sita. Lakini usije ukasema "damu yangu ni nzuri, basi B12 ipo". Neva zinaweza kuharibika damu ikiwa haijaonyesha chochote, hasa kwa aliyekuwa akimeza foliki asidi, ile vitamini ya kuongeza damu: inairekebisha damu, neva zinaendelea kuliwa kimyakimya.

Tabu ni kwamba ganzi ya sukari na ganzi ya B12 zote huanzia vidoleni, zote hupanda juu taratibu, zote huwaka usiku. Kwa macho huzitofautishi, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Kwa hiyo "ni sukari hiyo mama" linaweza kuwa jibu sahihi, ila ni jibu lililotolewa bila kupima. Chama cha kisukari cha Marekani kinashauri anayetumia metformini apimwe B12 mara kwa mara, hasa akiwa na upungufu wa damu au ganzi ya miguu.

Na hizo sindano nyekundu, subiri. Ukishadungwa, kiwango kwenye damu kinapaa, na mwenye maabara atakuandikia uko sawa. Damu kwanza, sindano baadaye.

Kijana wa Nyegezi, nakuheshimu mwanangu, lakini "haina madhara" nakukatalia. Kanada waliwapa wagonjwa wa kisukari 238 ambao figo zilikuwa zimeanza kuathirika foliki asidi, B6 na B12 kwa dozi kubwa kila siku. Wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walitarajia vitamini zilinde figo. Matokeo yakachapishwa 2010 pia: figo za waliopewa vitamini ndizo zilizodhoofika haraka zaidi, na mashambulizi ya moyo na kiharusi yakawa mengi upande wao. Na B6 hiyo hiyo ukiimeza kwa wingi kwa muda mrefu inaleta ganzi yake yenyewe. Mama mkwe aulize kila kidonge kina miligramu ngapi za B6.

Mama Mwaloni

Shikamoo mzee wangu. Asante, umenieleza nikaelewa. Mume wangu amesoma anasema hao ni Wazungu, wanakula mkate na jibini, sisi huku hayatuhusu. Halafu nilisahau: nina vidonda vya tumbo, namezea omeprazoli, tena si ya msimu, ni ya siku zote.

Mzee Hadubini

Marahaba mama. Hiyo omeprazoli ungeanza nayo! Inapunguza asidi, na asidi ndiyo inayoibandua B12 kutoka kwenye dagaa wako. Una vizuizi viwili kwenye njia moja. Mwambie daktari unazo zote mbili, na umuulize kama bado unaihitaji kila siku. Mtajie pia kama uliwahi kumeza isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu, kwa sababu nayo huleta ganzi kwa kupunguza B6. Na kama kuna gongo mahali, itaje tu, hatuhukumiani.

Mume wako ana hoja, simbezi. Chakula na maradhi ya huku si ya Uholanzi. Ila utumbo wa Msukuma na wa Mholanzi unapokea B12 kwa mlango ule ule. Na asidhani Mwanza tunasomewa tu vya wenzetu. Utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza na kuchapishwa 2011 uliwapima sukari wagonjwa wa kifua kikuu: karibu 17 katika kila 100 walikuwa na kisukari, wakati kwa majirani zao wasio na kifua kikuu ilikuwa kama 9. Waliotoa damu ile walikuwa watu wa kwetu.

Kuhusu kama B12 itakuponya: Ugiriki waliwachukua watu 90 waliokuwa na vitu vitatu kama wewe unavyohofia, yaani metformini, ganzi na B12 iliyo chini. Nusu wakapewa B12 ya kumeza, mikrogramu 1,000 kila siku kwa mwaka mzima. Maumivu yalipungua na vipimo vya neva vikaboreka kuliko kwa wenzao. Zingatia kwamba ni kwa waliokuwa na upungufu, na kwamba ilichukua mwaka. Usitegemee wiki ijayo utalala na shuka.

Ukienda, omba picha nzima ya damu, B12 na kreatinini ya figo. B12 haipimwi kila kituo. Anza kuulizia hospitali kubwa kabla hujapoteza nauli. Majibu yakija angalia kipimio kilichoandikwa pembeni, kwa sababu watu huogopana bure: mpaka wa upungufu, pikomoli 150 kwa lita, ndio huo huo pikogramu kama 200 kwa mililita.

Binti wa Ukerewe

Naongezea la miguu tu, mimi ni muuguzi. Mama, waombe wakupime hisia kwa ule uzi wa nailoni unaojikunja kwenye uzito wa gramu 10. Unafanana na mshipi wa kuvulia sangara, wanaugusisha chini ya mguu ukiwa umefumba macho, nawe unasema ndiyo ukiusikia. Dakika chache tu. Na mchanga wa Igombe usiukanyage tena bila kiatu cha kufunika vidole, B12 iwe juu au chini. Kila jioni binti yako aangalie katikati ya vidole, na kabla ya kuvaa kiatu weka mkono ndani upapase. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au yeye ayaguse kwanza. Lengelenge usilipasue.

Mama Mwaloni

Lilishapasuka lenyewe, ila kidonda ni kikavu. Jumatatu naanza na hilo la kupima, dagaa ataniuzia shemeji. Sindano sinunui kwanza.

Binti wa Ukerewe

Mama, Jumatatu ni mbali. Mguu usio na hisia haujui kusema kama kuna usaha ndani. Kesho asubuhi onyesha kidonda kwanza, hata kituo cha karibu, hayo mengine yafuate.

Dereva wa Kamanga

Mzee, na sisi wa aina ya kwanza tunaochoma insulini tu, hilo la B12 halituhusu?

Mzee Hadubini

Insulini haigusi B12, lakini linawahusu kwa mlango mwingine. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili kuishambulia kongosho, na kwa baadhi ya watu kinga hiyo huenda kushambulia ukuta wa tumbo unaotengeneza ile protini niliyoitaja. Hapo B12 inakwisha hata kama metformini hujawahi kuiona. Una ganzi, au unauliza tu?