Mjadala: Mume anayemnyima mkewe talaka ya Kiyahudi, je, mahakama ya serikali imtoze fidia?

Mleta mada:
Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba mume mmoja wa Kiyahudi amlipe aliyekuwa mkewe fidia ya dola 47,500. Mwaka 1980 alitia saini ahadi kwamba talaka ya serikali ikishatoka wataonana na marabi wakamilishe talaka ya dini, kisha akakaa miaka 15 bila kuitimiza. Naona mahakama ilitenda haki, nami nakaribisha wanaopinga.

Niseme kwanza jambo linalosahaulika. Msomaji wa pwani asilifananishe baraza la marabi na mahakama ya Kadhi, kwani kadhi anaweza kuifasakhi ndoa mume akigoma, ilhali marabi hao hawana uwezo huo. Wanaweza kumwamuru mume, hata kumtenga na jamii, lakini asipoitoa hati ya talaka kwa ridhaa yake, mke hubaki aguna, yaani mwanamke aliyefungwa, hata kama serikali ilikwishamwacha huru. Akizaa na mume mwingine, ni watoto wanaobeba dosari hiyo, kwa kuwa dini itawakataza kuoana na Wayahudi walio wengi.

Mchangiaji:
Mama huyo alidhulumiwa, sikatai. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ya dini ya Kiyahudi inaihesabu hati iliyotolewa kwa shuruti kuwa batili, kwa hiyo mume akiitoa kwa kuogopa hukumu ya hakimu, marabi wanaweza kuikataa, na mwanamke atakuwa ameshinda kesi huku kifungo chake kiko palepale.

Mleta mada:
Hofu hiyo ni ya kweli, wala siidharau. Lakini katika kesi hii hati ilikuwa imetolewa tangu 1995, kwa hiyo fidia ililipia miaka iliyopotea, haikununua talaka. Tena wako marabi wa Kiorthodoksi (mrengo wa Kiyahudi unaoshika sana sheria ya dini) nchini Marekani walioandaa mkataba wa kabla ya ndoa, ambamo mume huahidi matunzo ya dola 150 kwa siku tangu wanapotengana hadi ndoa ya dini inapokwisha, na mahakama ya serikali inaweza kuutekeleza. Kwao hayo ni matunzo aliyoyakubali mwenyewe kabla ya ugomvi wowote, si faini. Ikiwa marabi wenyewe wanaikabidhi serikali kazi hiyo, mimi sioni dini iliyoingiliwa. Swali langu kwako ni hili: aliyeolewa bila mkataba kama huo, aende kwa nani?