Waingereza, Palestina na yale maili 3 ya bahari: wizara zilikuwa zabishania nini?

mtu_wa_kibokoni
Asalam aleikum wadau. Jana barazani kwa kahawa yalizuka maneno ya Palestina enzi za Mwingereza, wale Wayahudi walokuwa wakitoka Ulaya na meli mbovu mbovu baada ya vita. Mie nikajua serikali ikisema imesema, mzee mmoja akatwambia ati wizara zao wenyewe zilikuwa zavutana mashati. Nikamkatalia. Sheria ipo, manowari zipo, sasa wabishana nini?

nahodha_mstaafu
Waaleikum salam mwanangu. Mzee ni mkweli. Waraka wa serikali yao wa 1939 uliruhusu Wayahudi 75,000 tu kuingia Palestina kwa miaka mitano, baada ya vita ikawa 1,500 kwa mwezi, basi. Wizara ya Makoloni ndo mwenye Palestina kwa hivyo yeye ataka kila chombo kizuiwe. Wakubwa wa manowari wakaona sawa lakini tukamatie mbali, maana mpaka wa bahari siku hizo ni maili 3 tu. Hebu simama Mama Ngina uangalie meli zikiingia Kilindini: chombo cha noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa, maili 3 chazikata kwa robo saa. Robo saa uisogelee, urushe mabaharia wako juu, wenyewe wakupokea na makopo na viazi, na nahodha wao kishaielekeza mchangani! Wanasheria wa Mambo ya Nje nao wakasema hapana, bahari kuu ya wote na ile meli ina bendera ya nchi ya watu, mkiipanda huko nyinyi ndo wavunja sheria.

bint_makadara
Na mwisho waliipanda huko huko. Meli ya Exodus, Julai 1947, watu 4,500 na ushee wametoka Ufaransa, ikavamiwa ikiwa bado nje ya yale maili 3 na watu watatu wakafa. Kinachonichekesha ni Bevin. Waziri wa Mambo ya Nje huyo, watu wake wahubiri sheria ya bahari, na yeye ndo alokazana wasipelekwe kambi za Cyprus kama wenzao walokamatwa, warudishwe walikotoka. Kufika Ufaransa wakagoma kushuka, wakaishia Hamburg. Ujerumani, yaani!

chai_ya_tangawizi
si ndo hawa walitaka kupewa uganda?

nahodha_mstaafu
Uganda jina tu shekhe. Ardhi iliyotajwa 1903 ni Uasin Gishu, huko kwenye mahindi ya Eldoret. Tena 1947 wafungwa wa vikundi vyao vya silaha waliletwa Gilgil, nyuma ya seng'enge, na watu wengi hapa Kenya hata hawana habari.

mtu_wa_kibokoni
Kumbe! Mie mawazo yangu yote bosi ni mmoja. Shukran sana nahodha, na wewe dada. Basi leo kahawa ya yule mzee ni juu yangu, na kashata pia, maana nilimkatalia mbele ya watu.