Riwaya ya Achilles na Patroclus imeniliza. Niingieje kwenye Iliad?

Tausi_M: Nimemaliza The Song of Achilles ya Madeline Miller. Kwamba Patroclus, mpenzi wa Achilles, anafia vitani Troy nilijua tangu mwanzo, na bado machozi yamenitoka. Kwa nini inauma hivi ilhali mwisho unajulikana? Na nikitaka Iliad yenyewe, utenzi wa kale wa Homer wa Ugiriki kuhusu vita hivyo, nianzie wapi? Nasikia wengi huishia njiani.

Mghani: Inauma kwa sababu unajulikana. Achilles ametabiriwa kwamba Hector, shujaa wa Troy, ndiye atatangulia kufa kabla yake, kwa hiyo miaka yote ya vita anamkwepa, nawe msomaji unajikuta unamwombea adui uhai. Halafu msimulizi ni Patroclus mwenyewe. Akiuawa haachi kusimulia. Anabaki roho isiyopumzika, kwa kuwa jina lake halikuandikwa kaburini.

Hilo la sauti lina mzizi kwa Homer. Fungua kitabu (yaani sehemu) cha 16 cha Iliad: mshairi anayesema "yeye" karibu kwa kila mtu, hapo anamgeukia Patroclus na kumwita "wewe". Mungu Apollo anampiga mgongoni kwa kiganja, chapeo inabiringika chini ya kwato za farasi, deraya inafunguka. Euphorbus, askari wa Troy, anamchoma mkuki kwa nyuma, na Hector anakuja kummalizia tu.

Kombo77: Usisome mfululizo mara ya kwanza. Iliad ina vitabu 24, mistari zaidi ya 15,000, na wengi hukwama kitabu cha 2, kwenye orodha ndefu ya merikebu na makamanda wao. Iruke bila kuona haya. Soma cha 1 (ugomvi wa Achilles na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki), cha 6, cha 9, cha 16, cha 18, kisha cha 22 hadi 24. Katika cha 23 michezo ya mazishi ni mirefu. Unachokitafuta kiko mwanzoni, pale roho ya Patroclus inapoomba mifupa yake na ya Achilles izikwe pamoja. Achilles ananyoosha mikono amkumbatie, roho inapotea ardhini kama moshi.

Cha 6 usikiache, hata kama Achilles hayumo. Mtoto wa Hector anaogopa shungi la chapeo ya baba yake na kulia. Hector anaivua, anaiweka chini, ndipo anambeba. Bila hapo, cha 22 kitakuwa pigano tu.

Tausi_M: Ahsanteni. Tafsiri ya nathari au ya mashairi?

Kombo77: Nathari ukitaka kufuata kisa, mashairi ukitaka mdundo. Angalia tu kama namba za mistari pembeni zinafuata mistari ya Kigiriki cha asili. Tafsiri nyingine zina hesabu yake, na ukielekezwa mstari fulani hutaupata.

Bi_Shaba: Niongeze: usitafute kisigino, pahali pekee pa kumuua Achilles, wala farasi wa mbao aliyeiangusha Troy humo. Iliad inaishia mazishi ya Hector, Achilles akiwa hai. Kisigino kimekuja baadaye sana, kwa Warumi (sisi tuna Liyongo na kitovu chake). Mapenzi ya Achilles na Patroclus nayo Homer hayataji waziwazi. Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki, ndiye aliyeyaweka jukwaani karne ya 5 KK. Na Patroclus wa Homer si yule mpole tu anayetibu majeruhi hemani. Kweli anamtibu majeruhi Eurypylus, mwisho wa kitabu cha 11, lakini katika cha 16 anamuua Sarpedon, mwana wa Zeus mkuu wa miungu, na anakufa kwa kukaidi agizo la Achilles la kurudi mara tu merikebu zikiokolewa.