Heka tano za babu, Dumila

Juma: Shikamooni wazee. Karatasi ya wapimaji imetoka, imeandikwa 2.02. Si babu alituachia heka tano? Tatu zimeenda wapi?? 😳

Shangazi Rehema: Marahaba. Nilijua! Yule jirani wa upande wa mto aling'oa minyaa ya mpakani tangu msiba.

Baba Mkubwa: Taratibu, tusimsingizie mtu. Juma, mbele ya 2.02 pana herufi gani?

Juma: "ha"

Baba Mkubwa: Hizo ni hekta. Sisi huku tukisema heka tunamaanisha ekari. Hekta moja ni ekari 2.47. Zidisha.

Neema: 4.99! Tano zetu zipo 🙏🏾

Shangazi Rehema: Alhamdulillah. Sasa mbona majina yanafanana hivyo?

Neema: Yanafanana tu shangazi, hayana undugu. Ekari imetoka kwa Waingereza. Zamani kwao lilimaanisha shamba tu, lolote. Baadaye likawa kipimo, eneo la kulima kwa siku moja kwa plau ya maksai. Ndiyo maana ekari yao ilikuwa ndefu na nyembamba, yadi 220 kwa 22. Kugeuza maksai kila mara kunachosha, bora uende moja kwa moja

Neema: Hekta ni ya Wafaransa, vipimo vyao vya 1795. Ari moja ni mita 10 kwa 10. Hekta ni ari mia, na hilo "hekta" limetokana na mia ya Kigiriki. Yaani mita 100 kwa 100

Juma: Na zile hatua 70 kwa 70 ambazo babu alipimia kila heka?

Baba Mkubwa: Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi. 70 mara 70 ni 4,900, na ekari ni yadi za mraba 4,840. Mimi nilikuwa nyuma yake nachomeka vigingi, yeye anahesabu kwa sauti, hataki umsemeshe. Leo wamekuja na mitambo ya setilaiti wamekuta ni zilezile. Baba alipima kwa miguu!

Shangazi Rehema: Machozi yamenitoka. Na jirani nimemkosea, kesho nitapita kwake.

Baba Mkubwa: Vizuri. Juma, kwenye karatasi ya mgawo uliandika "heka 5"?

Juma: Ndiyo baba

Baba Mkubwa: Futa. Mtu akizisoma hekta tano, tutakuwa tunagawana ekari 12 tusizokuwa nazo. Andika hekta 2.02, na ekari kwa maneno.

Juma: Sawa, naiandika upya sasa hivi.