Kambi ya Chini ya Everest: nichukue safari ya siku 9 au ya siku 14? Naombeni ushauri

Mwalimu_wa_Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla sijalipa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 43. Nimedunduliza miaka minne ili niende Nepal, nitembee kutoka Lukla hadi Kambi ya Chini ya Everest, mita 5,364. Kilele sikitaki. Nataka nifike pale, niutazame ule mlima, nirudi kwa wanangu.

Kinachonitia hofu ni hiki. Mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano. Kambi ya kwanza, Mandara, nilikuwa mzima, Horombo kichwa kikaanza kugonga, Kibo nikatapika kila nilichokula. Usiku tukaondoka hivyo hivyo. Kwenye Pango la Hans Meyer kiongozi wetu akanishika bega: "Mwalimu, leo inatosha." Nilishuka nalia. Mpaka leo sijajua kama ni mwili wangu hauwezi au kuna mahali tulikosea.

Sasa nina ofa mbili. Moja ni ya siku 9: unafika kambini siku ya tano, unarudishwa kwa helikopta. Nyingine ni siku 14, miguu kwenda na kurudi, na kiongozi ni Sherpa wa huko huko Khumbu, bonde la chini ya Everest. Ya siku 9 inaingia vizuri kwenye likizo yangu ya Juni. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Mgumu_Mstaafu
Mwalimu, pole kwa yaliyokukuta. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 11, kisha nikawa kiongozi, na Khumbu nimefika. Ngoja nikuambie kilichokutapisha.

Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Hesabu mwenyewe: kila siku umelala mita 1,000 juu ya jana yake. Mwili wa mtu wa Kilosa utazoea saa ngapi? Ungelala Horombo siku mbili, huenda leo ungekuwa unasimulia kilele cha Uhuru.

Wengi huona 5,364 ni chini ya 5,895 ya Uhuru wakadhani kule ni kwepesi. Kilimanjaro unagusa kilele alfajiri na jioni umeshalala chini, Horombo. Kule unalala juu, usiku baada ya usiku: Dingboche 4,410, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Kulala huko ndiko kunakoangusha watu.

Hiyo ya siku 9 usiiguse. Ndege inakutoa Kathmandu, mita 1,400, inakushusha Lukla, 2,860, hata pumzi hujashusha. Siku nne baadaye wanataka uwe Gorak Shep? Hiyo ni Marangu yako ileile, tena mbaya zaidi. Safari ya maana inalala Namche usiku mbili, na Dingboche usiku mbili. Ile siku ya katikati si ya kulala kitandani: unapanda kilima cha jirani, unakaa kidogo, unashuka kulala palepale. Mwili unajifunza hivyo.

Na Juni usiende. Ni mwanzo wa mvua zao za masika, mawingu yanaziba kila kitu na ndege za Lukla zinaahirishwa. Ule uwanja una njia ya mita 527 tu, imejengwa kwenye mteremko, rubani asipoona haruki. Nenda Oktoba au Novemba, au Machi hadi Mei.

DaktariZamu
Naongeza upande wa tiba. Ukipita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne lala tena palepale. Kichwa kikiuma, usipande mpaka kiache. Ukianza kuyumba, ukashindwa kutembea mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole, au ukihema ukiwa umekaa tu, shuka saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Hilo halingoji asubuhi.

Kwa historia yako, zungumza na daktari wako kuhusu Diamox, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Itakukojoza na vidole vitafanya ganzi, usiogope. Mwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Vidonge vya usingizi viache nyumbani. Na bima iandikwe wazi kwamba inalipia helikopta hadi mita 6,000, maana bima nyingi za safari zinakomea chini.

Kaka_Njoro
Mimi nilikwenda kwa haraka na nikafika salama. Kila mtu na mwili wake. Tusimtishe Mwalimu.

Mgumu_Mstaafu
Kaka Njoro, namshukuru Mungu ulirudi. Ila Mwalimu mwili wake umeshamjibu mara moja, na tunampa ushauri yeye.

Msafiri_Tanga
Mimi ndiye nilidharau, naomba Mwalimu unisikilize.

Lobuche kichwa kiliniuma siku nzima nikakificha. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi, niliona aibu. Kiongozi wetu, Sherpa wa makamo, hakuniuliza kitu. Jioni alikuja akakaa karibu, akatazama sahani yangu ya wali na dengu, haijaguswa. Akaniuliza jina la mama yangu na la kijiji chetu, nikajibu kwa kusuasua. Akasimama, akafunga begi langu, akasema tunashuka. Nilimfokea. Tulishuka gizani kwa tochi za kichwani hadi Pheriche, mita 4,371, amenishika mkono kama mtoto. Kuna zahanati pale ya Himalayan Rescue Association. Daktari aliniambia nimeletwa wakati mzuri.

Yule mtu aliniona kabla mimi sijajiona. Kwa hiyo Mwalimu, siku ya kwanza kabisa mwambie kiongozi wako yaliyokupata Kibo. Yote. Usimfiche hata kidogo.

Jambo jingine: Sherpa ni kabila, si kazi. Ni sawa na mgeni aje Moshi aite kila mpagazi "Mchagga". Wengi wanaobeba mizigo kule ni Warai na Watamang. Uliza kila mtu jina lake. Washerpa wengi huitwa kwa siku waliyozaliwa: Pasang ni Ijumaa, Pemba Jumamosi, Nima Jumapili. Mwanaume aliyekuzidi umri muite "dai", yaani kaka. Na utawasikia wakisema "bistari, bistari". Ndiyo pole pole yao.

BintiLamu
Assalamu alaykum. Nami natamani kwenda. Chakula cha halali kinapatikana?

Msafiri_Tanga
Waalaykumu salaam dada. Kula mboga tu. Ndani ya Khumbu hawachinji, nyama inabebwa mgongoni kutoka chini kwa siku kadhaa, hata asiyejali halali ningemkataza. Dal bhat, wali na dengu, ukimaliza wanakuongeza.

Mwalimu_wa_Kilosa
Nimesoma mara tatu. Ile hesabu ya mita 1,000 kwa siku imenitua mzigo, wakuu. Miaka miwili nimekuwa najilaumu.

Leo nimemwandikia mkuu wa shule barua ya likizo bila malipo, Oktoba. Nachukua siku 14, na nitaacha siku tatu za akiba ndege za Lukla zikigoma. Swali moja la mwisho: mizigo. Wananiambia mpagazi mmoja atabeba ya wageni wawili. Ni haki?

Mgumu_Mstaafu
Mwisho ni kilo 30 kwa mpagazi, na hapo ni mzigo mzito. Wewe na mwenzako kila mmoja asizidishe 10, mumuachie nafasi ya vitu vyake. Mkifika Lukla mtazame viatu na koti lake kabla hamjaanza kutembea. Kama amevaa ndala, idai kampuni impe viatu, msiondoke mpaka vije. Nilipandishwa Kibo na raba zilizotoboka nikiwa na miaka 19, najua ninachosema.

Begi la kulalia unalo?

Mwalimu_wa_Kilosa
Sina mkuu. La Kilimanjaro nilikodi.

Mgumu_Mstaafu
Ninalo la manyoya ya bata, linahimili baridi ya Gorak Shep. Liko Moshi. Nitumie ujumbe pembeni, nikutumie kwa basi mwezi wa tisa. Utanirudishia ukirudi.